Chupa ya Newala na hewa tunayowaambia watoto haipo

Chupa ilianza kulia tulipopita Nanyamba. Ilikua chupa ya maji ya lita moja na nusu, zile laini za plastiki, mpwa wangu alimaliza maji yake palepale stendi Newala, kule juu, akafunga kifuniko kwa nguvu akaipakata, basi likateremka nasi kupitia Tandahimba, vumbi kwanza baadae lami, mtoto kasinzia. Tulipokua tunakaribia huku chini Mtwara ikatoa ule mlio wa plastiki kubonyea, akashtuka, akaiangalia, ubavu mmoja umeingia ndani kama mtu kaikaba. "Mjomba, nani kaibonyeza?" Nikamwambia hakuna aliyeigusa. Akanitazama mimi, akamtazama na mama wa watu aliyekaa dirishani ambaye hana habari yoyote, alafu akaguna.

Nikamuuliza ndani ya hiyo chupa kuna nini. Akajibu bila kufikiri: "Hamna kitu, si nimemaliza maji."

Sasa huyu mtoto yuko darasa la tano, na wiki ileile nilikua nimepitia daftari lake, ameandika vizuri kabisa kwamba angahewa ni tabaka la hewa linaloizunguka dunia, chini yake kaorodhesha naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, gesi nyingine asilimia 1, na kapewa vema zote. Vema zote, na chupa bado haina kitu. Yani kichwani mwake kuna angahewa ya kwenye daftari, ipo mbali huko juu inaizunguka dunia, na kuna hewa ya kwenye chupa ambayo haipo, na hizo mbili hazijawahi kukutana hata siku moja.

Mi simlaumu yeye na wala simlaumu mwalimu wake. Tujiangalie sisi wenyewe tunavyoongea. Mtu akikosa hela anasema leo mfukoni hewa. Mwaka 2016 nchi nzima ilikua ni watumishi hewa, watumishi hewa, redioni, kijiweni, msibani, na huku kwetu msimu wa korosho hukosi kusikia wakulima hewa. Kila mara maana yake ni ileile, jina lipo mtu hayupo. Mtoto anakulia ndani ya lugha inayomwambia kila siku kwamba hewa ni kutokuwepo, alafu siku moja saa nne asubuhi anaambiwa hewa ni maada, ina uzito na inachukua nafasi, ataandika, atapata vema, lakini hataamini. Na kitu ambacho mtoto hakiamini huwezi kukijengea juu yake matabaka ya angahewa.

Ndo maana nasema tunaanzia upande usio sahihi. Tunaanza na majina ya matabaka kwasababu mtihani unauliza majina ya matabaka, wakati kazi ya kwanza kabisa, pengine ya wiki nzima, ni kumfanya mtoto akubali kwamba hapa kati ya pua yake na ubao kuna kitu. Ukishamaliza hiyo kazi mengine yote yanakuja yenyewe, upepo, mvua, kimbunga, gesi, jua kali, vyote ni habari za hicho hicho kitu kinavyobanwa, kinavyopashwa moto na kinavyosogea.

Na kuthibitisha hakuhitaji maabara. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano, lile kubwa, sindano yenyewe usiichukue. Mtoto avute hewa, azibe mdomo wa bomba kwa kidole gumba, alafu asukume. Atasukuma mpaka katikati hivi, baada ya hapo bomba linagoma. Muulize nani anagoma. Usimpe jibu, mwache ahangaike nalo, akiachia mkono ile pampu inarudi yenyewe anaruka. Nimeona watoto wanne wanagombania bomba moja barazani kwa nusu saa nzima kwa ajili ya hicho kinachorudisha pampu. Ukitaka lingine, chukua glasi, bandika karatasi kavu ndani kwenye kitako, igeuze, izamishe wima kwenye ndoo ya maji mpaka chini, itoe, karatasi kavu. Maji yalikua yanataka kuingia na kuna mtu alishakaa.

Uzito sasa. Mita moja ya ujazo ya hewa huku pwani ina kama kilo 1.2. Chukua darasa la mita 7 kwa 8, kimo mita 3, hiyo ni mita za ujazo 168, ukizidisha unapata karibu kilo 200. Mtoto wa Mtwara mwambie hivi, hewa iliyomo humu darasani, hii ambayo unaona hamna kitu, ni magunia mawili na nusu ya korosho, yale ya kilo 80. Halafu hiyo ni ya darasani tu, bado iliyopo juu ya bati mpaka mwisho kabisa. Ile yote ikijumlishwa inakandamiza kwa kilo moja hivi kwenye kila sentimita ya mraba, kwahiyo kiganja cha mtoto chenye sentimita za mraba kama 80 kimebeba gunia zima. Lazima atauliza mbona mkono hauvunjiki, na hapo ndo pazuri, maana jibu ni kwamba hewa inasukuma na kutokea chini ya kiganja kwa nguvu hiyo hiyo, na mwili wake wenyewe kwa ndani unasukuma nje. Chupa yetu ndani ilikua na hewa ya Newala tu, nyepesi, nje imekutana na hewa ya Mtwara, imeshindwa.

Hili si jambo jipya. Mtaliano mmoja, Evangelista Torricelli, aliandika mwaka 1644 kwamba sisi tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, ndo huyo aliyetengeneza kipimo cha kwanza cha mgandamizo kwa mrija wa zebaki. Miaka minne baadae Mfaransa Blaise Pascal akamtuma shemeji yake apande na mrija wa namna hiyo kwenye mlima wa Puy de Dôme, na kadiri alivyopanda zebaki ikawa inashuka, kwasababu hewa iliyobaki juu yake ni pungufu. Ni safari yetu ya Newala ileile, wao walipanda sisi tuliteremka, wao walikua na zebaki sisi tulikua na chupa ya maji. Na watoto wa Msangamkuu na Mikindani wanaozamia wanaijua bahari ilivyo, ukienda chini masikio yanauma, maana maji yanakubana. Mita 10 tu za maji zina uzito sawa na hewa yote iliyopo juu yetu. Huyo mtoto ukimwambia bahari ya hewa ameshakuelewa nusu.

Kuna neno moja ambalo huku kwetu linahitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote Tanzania, nalo ni gesi. Kitabu kinasema hewa ni mchanganyiko wa gesi. Sehemu nyingine hiyo sentensi inapita tu. Mtwara haipiti. Hapa gesi ni Msimbati inakochimbwa, ni bomba kubwa linaloenda Dar, ni ajira, ni ahadi, ni ugomvi wa mwaka 2013 juu ya bomba hilo ambao wazazi wao bado wanauhadithia, ukienda Lindi ni Songo Songo iliyogunduliwa tangu 1974. Mpwa wangu aliniuliza swali ambalo mpaka leo naliona ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mtoto: "Mjomba, kama hewa ni gesi, mbona mama akiwasha kiberiti nyumba haiungui?"

Ukimpuuza hapo umempoteza. Gesi ni neno la hali tu, kama vile kimiminika, maji ni kimiminika na mafuta ya taa ni kimiminika lakini hakuna anayekunywa mafuta ya taa. Gesi ya Msimbati sehemu yake kubwa ni methani, na hiyo ndo inayoungua, lakini haiwezi kuungua peke yake, inahitaji oksijeni ya kwenye hewa, na naitrojeni ambayo ndo nyingi kuliko zote haishiki moto kirahisi. Kama jikoni mna jiko la gesi mwonyeshe kitu kimoja, mama yake awepo. Chukua sufuria yenye maji ya baridi, kavu kabisa kwa nje, iweke juu ya moto. Sekunde chache za mwanzo kitako chake kinatoa jasho, kinakua na ukungu, baadae kinakauka. Yale maji hayajavuja kwenye sufuria, yametoka kwenye moto. Methani, au gesi ya mtungi ambayo ni ndugu yake, ikikutana na oksijeni vinazaliwa viwili, mvuke wa maji na kabonidayoksaidi, ile tunayoita hewa ya ukaa. Mvuke umeuona. Mwenzake huuoni lakini umetoka nao.

Hapo ndo mahali pa kuongelea hewa ya ukaa, sio kwenye orodha. Ukikusanya chembe 10,000 za hewa, karibu 4 tu ndo za ukaa, na kabla ya viwanda zilikua karibu 3. Watu wanaona nne kwa elfu kumi ni nini, lakini bila hizo chache pamoja na mvuke wa maji na wenzao, wastani wa joto la dunia ungekua kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 juu yake. Ni shuka. Tatizo ni kwamba tunaiongeza unene, na inaongezeka kwa kasi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi naona ndo darasa bora kabisa la angahewa tulilonalo huku kusini na hatulitumii. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Anayetoka huku anajua, kuanzia mwezi wa sita mikorosho inatoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, watu wanaamka usiku wa manane wanabeba mashine za kupulizia mgongoni wanaingia shambani. Kwanini usiku, kwanini alfajiri? Mzee yeyote atakwambia, upepo umelala na majani yana umande. Nimesimama ukingoni mwa shamba saa kumi na mbili asubuhi naangalia, lile vumbi la njano halipandi. Linatoka kwenye mdomo wa mashine linainuka kidogo mpaka usawa wa matawi, alafu linatandaza kama shuka, linakaa pale chini ya mikorosho, unaweza ukaona kabisa mpaka wake wa juu, chini njano juu peupe. Jua linatoka, bado limekaa. Inafika saa tatu ardhi imeanza kupata moto, ghafla lile shuka linakatika vipande, linapanda, linapotea, na anayepulizia muda huo anapoteza salfa yake bure.

Kilichotokea pale ni sayansi yote ya mawingu. Usiku ardhi inapoa haraka, inapoza na hewa iliyoigusa, hewa baridi ni nzito inakaa chini, juu yake kuna hewa ya uvuguvugu imefunika kama kifuniko cha sufuria, hakuna kinachopanda. Jua likiwaka ardhi inapata joto, hewa ya chini inakua nyepesi inapanda, kifuniko kinavunjika. Ikipanda zaidi inapoa, mvuke wake unageuka matone, ndo wingu. Mtoto wa mkulima ameliona hili kila mwaka tangu anajua kutembea. (Akae upande upepo unakotoka, mbali na vumbi, tafadhali, salfa inachoma macho na kifua, na huko mashambani watoto wanakohoa sana miezi hiyo.) Hajawahi kuambiwa tu kwamba alichokua anaangalia ni angahewa.

Wavuvi nao hivyo hivyo. Wanatoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, wanarudi mchana na upepo wa baharini, sababu ni mchanga na maji, mtoto akikimbia pekupeku ufukweni saa saba mchana miguu inamwambia ni kipi kimepata moto haraka. Na kusi na kaskazi ni habari ileile kwa ukubwa wa bara zima. Mababu walipanga safari za majahazi mpaka Uarabuni kwa kuujua huo mwendo wa hewa, sisi tunawafundisha wajukuu wao kana kwamba upepo umeletwa na kitabu.

Baada ya hayo yote, sawa, leta majina ya matabaka. Na mimi nina njia yangu. Watalaamu wengi wanaweka mpaka wa anga za juu kwenye kilomita 100, na kutoka Mtwara mpaka Lindi ni kilomita 105 hivi. Kwahiyo isimamishe barabara ya Lindi wima. Unaanza Mtwara mjini. Ukifika Mikindani, kilomita kama 10, hapo ndo ndege kubwa za abiria zinapopita. Ukiwa umeacha Mikindani kidogo, kilomita 16 au 17, troposifia, tabaka la chini kabisa, imekwisha, na mawingu, mvua, radi, vimbunga, karibu vyote vimebaki nyuma yako. Kilele cha Kilimanjaro hakijafika hata Mikindani, mita 5,895, lakini aliyesimama pale ameshaiacha nusu ya hewa yote ya dunia chini ya miguu yake. Inayofuata ni stratosifia mpaka kilomita 50, na ndani yake ndo kuna ozoni inayochuja miale mikali ya jua, na hapo mwalimu asiishie kusema inachuja. Aseme kwamba haichuji yote, na kwamba ndo maana mwenzao mwenye ualbino anavaa kofia pana na mikono mirefu, na wao kazi yao ni kumwachia kivuli. Kisha mesosifia, mpaka unakaribia kule Mnazi Mmoja njia panda ya Masasi, ndo ukanda wa vimondo kuungua. Ukiingia Lindi mjini uko nje. Kituo cha kimataifa cha anga za juu kipo kilomita kama 400, hicho ukifuata barabara ya Dar kipo maeneo ya Rufiji.

Na mtoto akidhani kilomita 100 ni nene sana, mpe korosho iliyobanguliwa ambayo haijamenywa, ile yenye kale kangozi ka kahawia. Korosho ndo dunia. Kangozi ndo angahewa yote, kwa vipimo vinakaribiana kabisa, dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742. Amenye kwa ukucha aone kalivyo.

Kuna atakayesema haya yote ni mazuri lakini walimu wana watoto mia moja kwenye chumba kimoja na silabasi inawakimbiza. Ni kweli, nimekaa kwenye darasa kama hilo na najua. Ndo maana sisemi waongezewe kazi, nasema mpangilio ugeuzwe, na sisi wazazi, wajomba na shangazi tuchukue sehemu yetu, kwasababu bomba la sindano na glasi havihitaji ruhusa ya mtu. Alafu kuna haraka nyingine, mtoto akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, kama hakuielewa hewa kwa lugha yake anaenda kuikariri upya kwa lugha nyingine.

Na huku kwetu kutoelewa kuna gharama. Aprili 2019, wakati wa kimbunga Kenneth, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, shule zikafungwa, watu wa maeneo ya chini wakaambiwa wahame. Tarehe 25 kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, upande wa pili wa mto Ruvuma, kikaua watu na kubomoa vijiji. Sisi tukapona. Kesho yake nilisikia kwa masikio yangu watu wazima wanasema tumetishwa bure, eti kilikua upepo tu. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikapiga Mafia, mvua zake zikakata barabara ya Dar kule Kilwa mabasi na malori yakalala njiani. Na Lindi kimbunga kilishawahi kuipiga kweli kweli, mwaka 1952.

Upepo tu. Sikiliza, katikati ya Kenneth mgandamizo ulishuka mpaka hektopaskali kama 934, wakati kawaida usawa wa bahari ni 1,010 na kitu. Hiyo tofauti ni kama asilimia 8, na kwa kukadiria ndo tofauti ileile iliyopo kati ya Mtwara na Newala, ile iliyobonyeza chupa yetu. Kwenye mlima tofauti hiyo imepangwa juu na chini, uzito unaishikilia, hewa imetulia. Kwenye kimbunga imelala ubavuni, usawa mmoja na nyumba zako, hakuna cha kuizuia, hewa ya pande zote inakimbilia katikati, na dunia inavyozunguka inaipinda njia inakua mzunguko. Karibu na ikweta huo mpindo ni dhaifu, ndo maana vimbunga ni nadra huko. Sisi tupo nyuzi 10 kusini, tumesogea zaidi kuliko Dar na Tanga. Mtoto aliyeona chupa inakabwa na kisichoonekana, akiambiwa "mgandamizo umeshuka baharini, toka bondeni", atambeba mdogo wake atoke.

Chupa ipo mpaka leo, juu ya kabati, imebonyea vilevile. Mpwa wangu amekataa kuifungua, anasema ndani kuna hewa ya kwa bibi, na rafiki zake wakija anawashikisha mmoja mmoja. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili tunapanda tena Newala na anataka kuibeba hivyo hivyo na kifuniko chake. Ameshaandika nyuma ya daftari la sayansi, kwa mwandiko wake, kwamba tukifika Tandahimba itaanza kujinyoosha. Jibu ninalo, sijamwambia.